Njaa Iliyoitwa Mapenzi

Kujinyima chakula katika kijiji cha Vatudamu ni kazi nzito, na Kelera aliligundua hilo siku ya kwanza tu, kabla hata hajafika nyumbani kutoka shule. Kuanzia pale basi la Sigatoka linaposhusha watu, njia inapita katikati ya nyumba, na milango yote huwa wazi. Mtu anayekula akimwona mpita njia hawezi kunyamaza.

“Kelera, karibu chakula.”

“Asante, mama mdogo, nimeshiba. Nimetoka kula kwa Mama Laisa.”

Mama Laisa alikuwa nyumba ya pili, na masikio yake hayakuwa na tatizo lolote. “Kwangu?” akauliza kutoka dirishani. “Lini?”

Ikabidi Kelera aingie, akae mkekani, ale muhogo na samaki wa tui mbele ya mashahidi. Akala vizuri sana, akaongezwa, akala tena. Aliporudi kwenye njia alijihesabu kuwa msichana wa kwanza katika visiwa vyote vya Fiji aliyeanza kufunga na kunenepa saa hiyo hiyo.

Alikuwa na miaka kumi na sita, mabega ya babake na miguu ya mamake, mwili ambao kijiji kizima kilijivunia kana kwamba kila mtu alichangia kuujenga. Kwenye harusi wanawake wazima walimshika mkono juu ya kiwiko, wakaubinya kidogo, wakasema kwa kuridhika, “Huyu analishwa kwao.” Kelera naye alikuwa akitabasamu, kwa sababu hadi wakati huo hakujua kwamba kuna jambo la kuonea haya.

Kisha ikaja televisheni. Iliwekwa nyumbani kwa mkuu wa kijiji, na kila Alhamisi jioni wasichana walijazana sakafuni kutazama tamthilia ya vijana wa Kimarekani waliokaa ufukweni. Ulikuwa ufuko wa ajabu. Hakuna aliyevua hata samaki mmoja. Walikuwa na magari, kazi nzuri na machozi mengi, na mzuri wao kuliko wote aliitwa Kendra. Wazee walimtazama Kendra wakaulizana anaumwa nini. Wasichana walimtazama, na kila mmoja akaivuta sulu yake, kitambaa cha kiunoni, kufunika magoti.

Muda si mrefu akaja shuleni mama mmoja kutoka hoteli za pwani kuzungumza juu ya kazi za mapokezi. Alisema wajifunze Kiingereza, wajifunze kompyuta, wazoee kutabasamu wakiwa wamechoka. Hakutaja mwili wa mtu. Wanafunzi wengine wote waliandika neno kompyuta. Kelera alikuwa akiitazama sketi ya yule mama, jinsi ilivyoshuka moja kwa moja bila kukutana na kizuizi chochote. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi ile ilihitaji kiuno. Alijiambia mwenyewe, na kwa kuwa alijiona mwerevu, alijiamini mara moja.

Alianza kufunga pamoja na binamu yake Torika, binti wa mjomba wake. Hao walikuwa watani tangu kuzaliwa, na kwa mila Torika alikuwa na ruhusa ya kumsema vyovyote apendavyo.

“Mimi nilijaribu,” Torika alimwambia siku iliyofuata. “Nilifika saa nne asubuhi. Mama akakaanga mikate.”

“Huna msimamo.”

“Nina msimamo. Nimesimama upande wa mikate.”

Kelera akaendelea peke yake. Njia ya katikati ya kijiji ilikuwa haifai tena, kwa hiyo akishuka kwenye basi alizunguka nyuma, akapenya kwenye mashamba ya miwa na kutokea kwenye jiko la nje la mamake. Huko kwenye miwa hakuna aliyemkaribisha. Alitembea na majani yakimkwaruza shingo, akijifikiria ni Kendra mwenye huzuni, ingawa Kendra hakuwahi kuonekana akitoa mdudu ndani ya blauzi.

Nyumbani kulikuwa kugumu zaidi. Mamake, Asinate, alipika kama mtu anayetegemea wageni, na sahani ya Kelera aliijaza kwanza. Hapo nguruwe akaingia katika habari hii. Alifungwa nyuma ya jiko, akisubiri sherehe ya mwaka, na tangu Kelera aanze safari yake ya uzuri, nguruwe yule alikula magimbi yaliyopikwa kwa tui, majani yake laini, na Jumapili hata nyama ya kopo. Alinenepa hadi watu wakaja kumtazama. Babake Kelera, Sailosi, alisimama mbele ya banda akiwa amekunja mikono, mwenye fahari.

“Siri ni maji safi,” aliwaeleza majirani.

Kelera alisimama kando akiutazama mdomo wa nguruwe kwa wivu usiomfaa msichana wa kwaya.

Kwa kweli chakula hakikumtoka kichwani hata dakika moja. Mhubiri aliposoma habari za mikate mitano na samaki wawili, yeye aliona samaki tu, aliona na namna walivyokaangwa. Usingizini aliota shelisheli iliyochomwa. Na kulikuwa na siku ambazo mwili ulimshinda. Nyumba ikiwa tupu aliingia jikoni, akafunua sufuria, akala kwa mikono miwili akiwa amesimama, vya moto na vya baridi, bila kusikia ladha, mpaka tumbo likauma. Kisha woga ukampanda. Akaenda nyuma ya mikadi, miti ya majani ya kusukia mikeka, akapiga magoti, akarudisha alichokula. Mara ya kwanza aliapa haitarudiwa. Alikuwa mtu wa viapo vingi wakati huo, na vyote viliishia mahali pale pale, nyuma ya mikadi, akiwa na machozi na kamasi usoni, akijiuliza kama Kendra naye alikuwa na mikadi yake.

Alikonda. Hakuwa kama Kendra. Alikuwa kama kuku aliyenyeshewa. Kitana kilitoka na nywele nyingi. Alihisi baridi mchana wa jua kali. Akijitazama kwenye kioo cha shule bado aliona mabega ya babake, makubwa vile vile, yamekaa hapo kama wageni waliokataa kuondoka.

Kijiji kilianza kuuliza. Kuna ugonjwa wa kukosa hamu ya kula ambao kila mama wa kule anaujua na kuuogopa, nao Asinate alimchemshia dawa yake ya majani. Kelera akainywa yote, kwa kuwa alidhani dawa hainenepeshi. Lakini baadhi ya watu walikuwa wamemwona akiingia kwenye miwa kila alasiri, na wao waliona ugonjwa mwingine kabisa. Habari zikamfikia shangazi yake.

Shangazi Vasiti alikuwa dada mkubwa wa Sailosi, na neno lake katika nyumba ile lilikuwa la mwisho. Alikuja mchana, akaketi, akamwonyesha Kelera mahali pa kukaa.

“Watu wanakuona,” alisema. “Unaingia kwenye miwa, unatoka na majani kichwani. Na unakonda. Mimi si mtoto, Kelera. Ni nani?”

Kelera alipima mambo haraka. Akisema anakataa chakula, maana yake ni kwamba mamake hajui kupika, shamba la babake halitoshi, na ukoo mzima umeshindwa kumlisha binti mmoja. Aibu hiyo haina pa kupelekwa. Lakini mvulana ni kosa la kawaida. Lina utaratibu wake, lina watu wa kulizungumza. Akaona heri mvulana. Alihitaji tu jina la mtu asiyeweza kuulizwa.

“Peniasi,” alisema.

“Peniasi mwanajeshi? Wa yule mjane wa karibu na kanisa?”

“Ndiyo, shangazi.”

“Peniasi yuko Lebanoni na walinda amani tangu mwaka jana.”

Hilo Kelera alikuwa amelisahau, au tuseme ndilo lililomfanya amchague, lakini hakulifikiria mpaka mwisho. “Ndiyo, shangazi,” alisema tena.

“Sasa huko kwenye miwa unakutana na nani?”

“Hakuna mtu. Huwa naenda kumlilia.”

Ulikuwa uongo mbovu kuliko wote aliowahi kuusema, na ulifanya kazi. Uso wa Shangazi Vasiti ukalegea. Akaufuta kwa upindo wa nguo yake, akamvuta Kelera kifuani, akagundua mbavu zilivyomtoka, akalia zaidi.

Torika alipopata habari aliangua kicheko mpaka akakaa chini. “Peniasi? Maneno uliyowahi kuongea naye ni ‘nipishe nipite’.”

“Nyamaza, nakuomba.”

“Nitanyamaza. Lakini kama umekonda kwa ajili ya mtu, ungechagua mwenye meno yote.”

Kesho yake Mama Peniasi alifika na sufuria. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ndogo ya upole, na tangu mwanawe aondoke alikuwa hana wa kumpikia. Alikaa mkabala na Kelera, magoti karibu yagusane, akapakua.

“Yeye huko anakula vya kopo,” alisema, “na wewe hapa unakwisha kwa ajili yake. Basi mmoja wenu ale, mwanangu. Nianze na aliye karibu.”

Hakuondoka mpaka sahani ikawa nyeupe. Alirudi kesho, na siku zilizofuata, na kila alipoaga Kelera alikwenda nyuma ya mikadi. Huko ndiko alikoonja aibu kali kuliko zote. Kumdanganya shangazi ni jambo moja. Kukirudisha chakula cha mjane yule, aliyekuwa amekamua tui mwenyewe kwa vidole vyenye baridi yabisi, ni jambo jingine. Alijiita majina mabaya. Hakuacha. Hilo ndilo lililomtisha: alianza kama mchezo wa mtu mwerevu, na sasa mwerevu hakuwa na habari ni wapi pa kushukia.

Kijiji nacho kilikuwa kimefurahi. Wanawake walimwangalia kwa huruma tamu. Asinate mwenyewe alionekana kupumua. Kama ni mapenzi, yatapita au yatafungwa ndoa. Mama Peniasi alianza kusuka mkeka mkubwa ambao hakusema ni wa nini.

Mashindano ya kwaya za kanisa yakafika. Wasichana wa sauti ya kwanza walivaa magauni meupe yaliyoshonwa na mama zao, na gauni la Kelera lilikuwa limepunguzwa mara mbili. Alisimama mstari wa mbele akijiona, kwa mara ya kwanza, karibu kuwa mzuri. Katika ubeti wa tatu sauti za wenzake zikaanza kutokea mbali, kama zinatoka chini ya maji, na sakafu ikamjia usoni.

Alipofungua macho, karatasi na mapepeo ya ukili yalikuwa yakimpepea kutoka pande zote. “Maskini, mapenzi,” alisema mwanamke mmoja. “Peniasi lazima aambiwe,” alisema mwingine.

“Si mapenzi,” Torika alisema. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili, na sauti yake ilifika mpaka benchi za nyuma. “Ana njaa. Ana njaa tangu Pasaka.”

Kelera alifumba macho tena akatamani kuzimia kwa mara ya pili, lakini jambo hilo halikuja kwa hiari.

Kwenye zahanati, muuguzi alimpima, akamsikiliza moyo kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akamuuliza jana alikula nini. Kelera akaanza kutaja vyakula. Torika, aliyekuwa mlangoni, akatikisa kichwa. Kelera akaanza upya, na safari hii alisema yote, pamoja na ya nyuma ya mikadi. Aliyasema akiitazama sakafu, kwa mzaha mzaha, kana kwamba ni habari za msichana mjinga wa kijiji cha jirani. Muuguzi hakucheka. Alisema moyo wake umeanza kuchoka, kwamba ameona wasichana wengine kama yeye tangu televisheni zifike, na kwamba huu ni ugonjwa, unatibika, lakini hautibiwi kwa kufokewa.

Asinate alikuwa amekaa kwenye benchi kando ya binti yake. Mwishowe akauliza, “Na sahani zote zile ninazokupakulia nyumbani?”

“Nguruwe, mama.”

Asinate akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la fumbo alilolibeba muda mrefu.

Waliporudi nyumbani hakuwasha moto. Jioni ikafika, jiko likabaki baridi, na majirani walipoona hakuna moshi walileta chakula, wakakiweka mlangoni, wakaondoka bila kuuliza. Kelera alimkuta mamake ameketi kwenye kigogo mbele ya mafiga.

“Hupiki, mama?”

“Nimpikie nani? Baba yako anaweza kula kwa dada yake.”

“Chakula chako hakina kosa.”

“Kama hakina kosa, mbona ulikificha kama kitu cha wizi? Miaka yote nilidhani nakulisha, kumbe nakuharibu.”

Kelera aliketi chini karibu naye. Mzaha ulimwishia. “Nilitaka kufanana na yule wa televisheni. Nilidhani pale hotelini wakiniona hivi nilivyo wataniweka nyuma, nifue mashuka.”

“Mimi nilifua mashuka,” Asinate alisema. “Kabla sijaolewa, hoteli hiyo hiyo ya pwani. Hukujua?”

Kelera hakujua. Akatamani ardhi immeze, lakini kwa jinsi alivyokuwa amekonda aliona hata ardhi isingeshiba.

Mamake alinyoosha mikono yake miwili, akaitazama, mikono minene yenye makovu ya mafuta ya moto. “Na mimi nikienda kutazama hiyo televisheni,” alisema kwa sauti ya chini, “huwa naificha hii chini ya nguo. Mtu mzima kama mimi. Sijui namficha nani.”

Kisha Asinate akauliza, “Huyo Kendra, nani anampikia?”

“Haonyeshwi.”

“Mama hana?”

“Haonyeshwi, mama.”

“Akipita hapa,” Asinate alisema, “ningemwita.”

Kelera akacheka, na kicheko kikageuka katikati, akalia mpaka mabega yale makubwa yakatetemeka. Mamake akamshika. Baadaye wakawasha moto, wakapasha magimbi ya jirani, na Kelera akala kipande kimoja, kilichochukua muda mrefu sana.

Hakupona siku hiyo, wala mwezi huo. Alikwenda kwa muuguzi kila wiki. Kulikuwa na siku nzuri, na kulikuwa na siku alizorudi nyuma ya mikadi, kisha akaja kumwambia mamake mwenyewe, na hilo lilikuwa gumu kuliko kitendo chenyewe. Muuguzi aliwaonya nyumbani wasimtazame anapokula, na familia ikalitii agizo kwa bidii ya kutisha. Kila mlo, Sailosi, Asinate na Shangazi Vasiti walikaza macho darini kana kwamba paa lilikuwa linavuja.

“Hata mate siwezi kumeza,” Kelera alimwambia Torika. “Nahisi nakula mbele ya watakatifu.”

Likabaki jambo la Mama Peniasi. Hapo hapakuwa na mzaha. Sailosi alivaa shati safi, akachukua mizizi ya kava, ambayo kwao hutolewa mtu akiomba radhi, akamwongoza binti yake mpaka nyumba ya karibu na kanisa. Waliingia wameinama, wakaketi karibu na mlango. Sailosi akaweka kava mbele ya mwenye nyumba, akazungumza kwa maneno ya heshima kama inavyopaswa, akamtaja marehemu mumewe, akataja na ukoo wake.

“Tumekuja kuomba radhi,” alimalizia, “kwa ajili ya mapenzi ambayo hayakuwapo.”

Hakuwahi kuwasilisha ombi la namna hiyo, na ilionekana usoni kwamba hakutaka kulirudia.

Mama Peniasi aliigusa kava, akaipokea. Nyuma yake mkeka mkubwa ulikuwa umefika nusu.

“Nilishamwambia Peniasi kwenye simu,” alisema.

Kelera hakuweza kujizuia. “Alisemaje, mama?”

“Aliuliza ni Kelera yupi.”

Sailosi akakohoa. Kelera aliinamisha kichwa, akajaribu kuheshimu hali ilivyo, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani. Alikuwa amekonda, amezimia kanisani, amemtia babake aibu, yote kwa jina la kijana ambaye hakuweza hata kumkumbuka. Mama Peniasi naye mdomo ulimcheza.

“Nimemsamehe binti,” alisema. “Lakini sufuria yangu sijaisamehe. Ilikuwa ikienda kwako imejaa, ikirudi tupu, nami nalala na furaha. Mlikuwa mkinidanganya, wewe na sufuria.”

“Nisamehe, mama,” Kelera alisema. “Chakula chako kilikuwa kitamu. Hilo halikuwa uongo.”

Mama Peniasi akamwambia Sailosi aende zake, yeye anahitaji mtu wa kumpasulia majani ya mkadi. Sailosi alipoondoka, akaweka kisahani cha magimbi na samaki mdogo kando ya Kelera. Halafu akajigeuza, akaelekea ukutani na mkeka wake, akaanza kusuka na kusimulia habari za mbuzi wa kanisa aliyekula maua ya madhabahuni, habari ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Hakugeuza shingo hata kidogo.

Kelera alipasua majani. Mgongo ule mpana ulikuwa mbele yake kama ukuta. Baada ya muda akanyoosha mkono, akamega gimbi, akalitia mdomoni, akatafuna. Mbuzi alikuwa amefika kwenye kitabu cha nyimbo. Akamega tena. Samaki alimwacha, na nusu ya gimbi pia, akaisukuma sahani pembeni akitegemea kuulizwa mbona amebakiza.

“Nipe jani jingine,” Mama Peniasi alisema, akirudisha mkono nyuma bila kutazama. “Refu kidogo.”

Kelera akachagua refu, akamwekea mkononi.